Thamostati ya Baridi Haiponyi Gari

Nilikuwa nimeahidi kwamba leo ningeendelea na ile habari ya hifadhidata. Itabidi ingoje. Jumamosi nilitoka kwa fundi wa gari nimefura kama andazi, na nikiwa nimefura siwezi kuandika kodi ya maana. Kwa hivyo leo tunaongea magari. Wale mliokuja kwa ajili ya programu vumilieni, maana mwishowe ni mambo yale yale.

Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na mama mmoja na Fielder yake. Shida yake: gari linachemsha akikwama kwenye jamu. Fundi hakufungua kifuniko cha rejeta. Hakuangalia kama feni inazunguka. Hakuuliza maji yanapungua au hayapungui. Alisikiliza sentensi moja tu, akafuta mikono, akatoa hukumu: "Mama, hiyo tutakutolea thamostati. Hii kitu iliwekwa ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi."

Kijana mmoja mwenye Subaru, ambaye hakuulizwa, akajiunga. "Usitoe yote, mama. Weka tu ya baridi. Mimi yangu inafunguka mapema, gari haijawahi kuchemsha tangu niiweke."

Yule mama akatutazama sisi sote watatu, kama mtu aliyeenda hospitali akakuta madaktari wawili wanagombana na mlinzi anatikisa kichwa. Mlinzi ni mimi. Nilijaribu kueleza. Nilishindwa, kwa sababu ukianza kwa kusema "unajua, hiki ni kizingiti cha chini, si cha juu" mbele ya watu wenye spana mkononi, wanakuona umepotea njia. Basi naeleza hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Kwanza tukubaliane kitu hiki ni nini. Thamostati ni vali ndogo iliyokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna kidude cha shaba kilichojazwa nta. Injini ikiwa baridi nta ni ngumu, vali imefunga, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake. Maji yakipata joto nta inayeyuka, inavimba, inasukuma kijiti, vali inafunguka na maji yanaanza kupita kwenye rejeta. Hakuna umeme, hakuna sensa, hakuna programu. Ni akili ya miaka ya 1930 na mpaka leo inafanya kazi kwenye mamilioni ya magari. Natamani ningeandika kitu kimoja maishani chenye hitilafu chache namna hiyo.

Namba iliyopigwa juu yake, sema 82, ni joto ambalo vali inaanza kufunguka. Inaanza tu. Thamostati ya injini ya 1NZ-FE, ile iliyo ndani ya Fielder na nusu ya magari madogo ya Toyota unayoyaona Nairobi, huanza kufunguka karibu nyuzi 82 na inakuwa wazi kabisa ikifika kama nyuzi 95. Ukiweka ya 76.5, itaanza mapema na itakuwa wazi kabisa mapema kidogo.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hivyo someni polepole. Gari linachemsha likiwa na joto gani? Juu ya 100. Nyuzi 105, 110. Kwenye joto hilo thamostati ya 82 iko wazi kabisa. Ile ya 76.5 iko wazi kabisa. Ile ya 71 wanayoisifu vijana iko wazi kabisa. Zote tatu kwa wakati huo ni tundu tu, na maji yanayopita ni karibu yale yale. Kama rejeta yako haiwezi kutoa joto lote ambalo injini inalizalisha, haiwezi, hata ungeweka thamostati iliyotengenezwa kwa barafu.

Thamostati inaamua injini isiwe baridi kupita kiasi gani. Rejeta, feni, pampu na kifuniko ndivyo vinavyoamua isiwe moto kupita kiasi gani. Kwa waandishi wa programu wenzangu: joto la injini ni lile lililo kubwa kati ya namba mbili, namba ya thamostati na namba ambayo rejeta inaweza kufikia kwa kazi iliyopo. Kama rejeta yako imefika 108 na unashusha thamostati kutoka 82 hadi 71, umebadilisha ile namba ndogo. Jibu linabaki 108. Hesabu ya darasa la tatu.

"Lakini mimi nimeweka na gari limepoa!" Ndiyo, najua. Najua vizuri kuliko unavyofikiri, kwa sababu miaka michache iliyopita mimi ndiye niliyekuwa yule kijana wa Subaru.

Shemeji yangu, mume wa dada, alinipigia simu akisema mshale wa joto kwenye Fielder yake unapanda akikwama kwenye msongamano mrefu. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa kompyuta, katika ukoo wetu ninaulizwa kila kitu chenye waya, kuanzia redio ya nyanya hadi mita ya stima. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa: nenda Kirinyaga Road, tafuta thamostati ya 76.5, weka. Akaweka. Mshale ukatulia. Miezi mitatu hakuna neno, na mimi nikajiona profesa.

Desemba 2023 wakafunga safari ya Eldoret. Shemeji, dada, watoto wawili, mama mkwe, na buti imejaa. Walipita Nakuru salama. Mlima wa kuelekea Timboroa, usiku, mshale ukaondoka katikati na kupanda kama lifti. Kabla hajapata mahali pa kusimama mvuke ulishatoka kila upande. Gasketi ya hedi imeenda, na hedi yenyewe imepinda, kwa sababu injini hiyo ni ya aluminiamu juu hadi chini na aluminiamu haisamehe. Mama wa watu alikaa kando ya barabara kwenye baridi ya Timboroa, amejifunika leso mbili, akisubiri gari la kuvuta. Nani alikuwa amewaambia gari liko sawa? Mimi.

Hedi ilipofunguliwa na rejeta ikatolewa, tuliona ukweli. Rejeta ilikuwa imeziba. Miaka ya kumwagiwa maji ya kisima yenye chumvi ilikuwa imejenga ukoko ndani ya mirija kama ule wa ndani ya birika la chai. Kifuniko nacho kilikuwa kimechoka, mpira wake umekauka. Hivyo ndivyo vilikuwa ugonjwa tangu siku ile ya kwanza ya msongamano.

Basi kwa nini mshale ulitulia miezi mitatu? Kwa sababu thamostati ya baridi inakununulia dakika. Injini inaanza jamu ikiwa na nyuzi 77 badala ya 83, kwa hivyo inachukua muda zaidi kufika kwenye hatari. Jamu ya dakika ishirini inaisha kabla hujaona kitu. Mlima wa saa nzima hauishi. Tulichofanya mimi na shemeji ni kile kitendo ambacho nimewafokea vijana wa kazini mara mia: kosa linajitokeza kwenye logi, na badala ya kulitafuta chanzo unaandika msimbo wa kulinasa na kulinyamazisha. Skrini inakuwa safi. Mteja anafurahi. Halafu siku ya mwisho wa mwezi, mzigo ukiwa mkubwa, mfumo mzima unaanguka saa nane usiku.

Tena kwa shida ya jamu hasa, thamostati ya baridi haina hata njia ya kusaidia. Gari likiwa limesimama hakuna upepo unaopita kwenye rejeta isipokuwa wa feni. Feni ya umeme kwenye magari haya inawashwa na kompyuta au swichi ya joto maji yakipita nyuzi 90 na kitu. Kompyuta haijui umebadilisha thamostati. Utakaa pale Museum Hill na thamostati yako ya 71 iko wazi, maji yanapanda polepole, 80, 85, 90, mpaka yafikie pale pale ambapo feni huwashwa siku zote. Ukiwa na feni mbovu utachemsha. Ukiwa na feni nzima hukuhitaji kubadilisha kitu.

Sasa nije kwa hoja ya pili, ile inayonikera zaidi: ati hii ni nchi ya joto.

Joto la wapi jamani? Nairobi ikifika nyuzi 30 watu wanapiga simu redioni kulalamika. Julai asubuhi tunavaa koti mbili, na Limuru unaweza kuona pumzi yako. Magari haya tumeyatoa Japani. Tokyo mwezi wa Agosti hupita nyuzi 35, na gari lile lile, na injini ile ile, na thamostati ile ile, lilikuwa linakwama kwenye jamu ya huko kabla halijapanda meli kuja Mombasa. Na ukienda Dubai, ambako Julai ni zaidi ya 40, utakuta Toyota zinatembea na thamostati zake ndani. Kwa injini yenye nyuzi 85, tofauti kati ya hewa ya 15 na hewa ya 32 ni kazi ya ziada kwa rejeta, ndiyo, lakini hiyo ni kazi ya rejeta. Vali ya nta haina habari wewe unaishi Kisauni au Kinangop.

Kitu kimoja kweli ni tofauti huku kwetu, na hakuna fundi aliyewahi kunitajia: mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji ya wazi yanachemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Timboroa ni karibu 91. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta si kifuniko cha sufuria. Kina springi inayoshikilia shinikizo, na kila shinikizo likipanda maji yanachelewa kuchemka. Kifuniko kizima cha 0.9 kinapandisha kiwango hicho hapa Nairobi hadi karibu nyuzi 115. Kifuniko kilichochoka kinakurudisha karibu na 94, yaani nyuzi ishirini zimepotea kwa sababu ya mpira uliokauka. Nyuzi ishirini! Na wewe uko Kirinyaga Road unatafuta thamostati ya kukupa tano.

Kuhusu kuing'oa kabisa, hilo ni baya zaidi. Shika thamostati ya injini nyingi za Toyota uiangalie upande wa chini. Utaona sahani ndogo ya pili. Kazi yake ni hii: sahani kubwa ikifungua njia ya rejeta, sahani ndogo inaziba ile njia ya mkato ambayo maji yalikuwa yanapitia kuzunguka ndani ya injini. Ukitoa kidude chote, njia ya mkato inabaki wazi maisha. Sehemu ya maji ya moto inarudi ndani ya injini bila kuonana na rejeta hata siku moja. Kwa hivyo gari linakuwa baridi mno ukiwa umetulia, na linaweza kuchemsha haraka zaidi ukilipa kazi mlimani. Umelipa fundi akuletee magonjwa mawili kwa pamoja.

(Hapa niwe mkweli dhidi ya upande wangu mwenyewe. Wako wanaotetea thamostati kwa kusema ukiitoa maji yanapita "haraka mno" kwenye rejeta mpaka hayapati nafasi ya kupoa. Hiyo si kweli. Maji yakienda kasi, rejeta inatoa joto zaidi, haitoi kidogo. Msitumie hoja hiyo, fundi mwenye akili atawaumbua, na atakuwa na haki.)

Basi imani hii imetoka wapi, kama haina msingi? Nimeifikiria sana. Nadhani ilianza kwa kisa cha kweli. Thamostati huzeeka, na mara nyingine hukwama ikiwa imefunga. Hapo gari linachemsha kweli kweli, dakika kumi tu baada ya kuwasha, na rejeta chini ni baridi. Fundi anaitoa, gari linapona papo hapo. Mwenye gari anashangilia. Kuanzia siku hiyo fundi ameona kwa macho yake kwamba thamostati ni adui. Angeweka mpya ya namba ile ile gari lingepona vile vile, lakini hiyo inahitaji pesa na safari ya mjini, na zile za bei ya chini za mtaani wakati mwingine ni feki na zinakwama tena baada ya mwezi. Kwa hivyo simlaumu kama mtu mbaya. Ninamlaumu kama ninavyomlaumu mwandishi wa programu aliyeona kitendakazi kimoja kinaleta kosa, akakifuta chote, programu ikawaka, akaenda nyumbani.

"Sawa, haisaidii, lakini inadhuru nini? Injini ikiwa baridi si ndiyo raha yake?" Hapana bwana. Injini si mtu.

Ukichoma petroli unapata moshi, na sehemu ya moshi huo ni mvuke wa maji. Kiasi fulani hupenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili. Injini ikiwa na joto lake, maji hayo huvukizwa na kutolewa. Ikiwa baridi hubaki humo, yanachanganyika na oili. Fungua kifuniko cha oili cha gari lisilo na thamostati ambalo linatembea safari fupi fupi za mjini, uone ule ute mweupe kama uji wa wimbi uliotiwa maziwa. Watu wakiuona wanadhani gasketi imeenda. Mara nyingine gasketi ni nzima, ni injini tu haijawahi kuota jua.

Halafu kuna petroli yenyewe. Kompyuta ya gari inasoma joto la maji ili iamue imwage mafuta kiasi gani. Ikiona baridi inadhani umewasha sasa hivi, inaongeza. Kwenye kuta za silinda zilizo baridi petroli haivukizwi yote, inaosha ule utando wa oili unaolinda ringi za pistoni, na inayobaki inashuka kuifanya oili iwe nyepesi. Kwa thamostati ya 76.5 pengine kompyuta itaridhika na hutaona tofauti kubwa ya mafuta, nisiwadanganye. Ukishuka zaidi hadi 68 unacheza karibu na ukingo. Bila thamostati kabisa, ukishuka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu asubuhi ya Julai, injini inarudi kuwa ya mtu aliyeamka sasa hivi. Wenye Vitz na Passo wanajua, hata kama hawajui wanachokijua: ile taa ya buluu inayoonyesha injini ni baridi inawaka tena katikati ya safari. Gari linakuambia kwa rangi. Na automatiki nyingi huchelewesha gia ya juu mpaka injini ipate joto, kwa hivyo unatembea na injini inapiga kelele na unalaumu kituo cha petroli kwamba wamekuuzia mafuta yaliyochanganywa.

Walioandika orodha ya kimataifa ya makosa ya magari waliona jambo hili ni zito vya kutosha kulipa namba yake. P0128. Maana yake joto la maji liko chini ya kiwango ambacho thamostati inapaswa kukishikilia. Yaani ubaridi wenyewe ni kosa, lina namba, linawasha taa ya injini kwenye magari yanayolichunguza. Kisha mtu anapeleka gari kwa fundi kufutiwa taa.

Msiniamini mimi. Pimeni. Kifaa cha ELM327 cha bluetooth si ghali, unakichomeka chini ya usukani na kuunganisha na simu. Baadhi ya magari ya zamani ya Japani yanakataa kuongea nacho, lakini mengi yanakubali. Programu ya simu itakuonyesha joto moja kwa moja, ila ninyi ni wasomaji wa blogu hii kwa hivyo nawapa njia ya wanaume na wanawake kamili: fungua terminali, tuma 0105. Gari litajibu 41 05 na baiti moja ya heksadesimali. Ibadilishe iwe namba ya kawaida, toa 40, hilo ndilo joto kwa Selsiasi. Ukiona 7B, hiyo ni 123, ukitoa 40 ni nyuzi 83. Injini nzima, thamostati nzima. Fanya hivyo ukitembea Thika Road bila msongamano, kisha fanya tena ukiwa umesimama Pangani. Mshale wa dashibodi usiutegemee sana, mingi imetengenezwa itulie katikati kwa masafa marefu ya joto ili isiwatie wasiwasi madereva. Ukianza kusogea, mambo yameshaharibika.

Nilipima hivyo gari la jirani aliyeng'olewa thamostati "kwa ajili ya joto la Kenya". Barabara tupu, saa kumi na mbili asubuhi, lilikaa kwenye 61. Tulipoingia kwenye msongamano likapanda mpaka feni ikawaka, kama gari lolote lile. Alikaa kimya muda mrefu akiangalia simu yangu.

Kijana wa Subaru nimemwacha mwisho kwa sababu yeye ana nusu ya haki, na nusu ya haki ndiyo ngumu kubishana nayo. Ni kweli kwamba injini za mbio huendeshwa na maji ya baridi kidogo. Injini yenye turbo iliyoongezwa nguvu iko karibu na kugonga, yaani petroli kulipuka kabla ya wakati wake, na hedi yenye joto dogo inasaidia kuliepuka hilo, hivyo mtunzi wa injini anaweza kuwahisha cheche na kupata nguvu zaidi. Sawa kabisa. BMW wenyewe walikuwa na thamostati za umeme zinazoacha injini ipite nyuzi 100 ukiwa umetulia ili kubana matumizi, kisha kompyuta inashusha joto ukikanyaga mafuta. Kwa hivyo joto ni kitu cha kuchezewa, na anayejua anacheza.

Lakini mtu wa mbio anabadilisha rejeta, feni, oili na ramani ya kompyuta kwa pamoja, na anavunja injini akiwa na nyingine kwenye lori. Wewe umebadilisha kidude kimoja, kompyuta ni ya kiwandani, na unaenda nalo Naivas kununua unga. Tena thamostati ya kiwandani ya injini hizo za EJ huanza kufunguka kati ya 76 na 80. Subaru walishakuwekea ya baridi! Unapunguza kutoka nini hadi nini?

Kwa yule mama, kama angenipa dakika tano, ningemwambia hivi. Gari likiwa limepoa kabisa, tafadhali kabisa, maana maji ya rejeta yenye shinikizo yanababua uso, fungua kifuniko uangalie mpira na springi. Kikiwa na shaka nunua kipya, ndicho kipuri cha bei ya chini kuliko vyote hivi. Angalia maji yamejaa. Washa, acha ingurume mpaka feni iwake; isipowaka, umepata mgonjwa na uende nyumbani. Chungulia mapezi ya rejeta kama yamejaa matope na panzi. Shika rejeta sehemu mbalimbali ikiwa vuguvugu, ukipata mahali pa baridi katikati, ndani pameziba. Maji yakipungua bila kuvuja nje, hapo ndipo unaanza kuogopa gasketi. Na acha maji ya kisima, weka kulanti.

Thamostati yenyewe ukiishuku, itoe uipike. Sufuria, maji, kipimajoto, uitundike kwa uzi isiguse chini. Ya 82 ianze kufunguka karibu na 82, na ikipoa ifunge. Ila ukiwa unaishi Timboroa na thamostati yako ni ya 91, maji ya sufuria yatachemka kabla haijafunguka vizuri na utaitupa bure, kwa hivyo telemka Nakuru kwanza. Ikiwa imekufa, nunua namba ile ile. Ukiirudisha, kile kijiti kidogo cha kutolea hewa kielekee juu.

Fundi wa Jumamosi alimaliza kazi kwa dakika kumi na tano. Mama akalipa, akaondoka, kifuniko cha rejeta hakijafunguliwa. Nilitamani kumfuata mpaka kwenye geti nimwombe namba, nikaona nitaonekana mtu wa ajabu.

Ile 76.5 ya shemeji ninayo kwenye droo ya meza yangu ya kazi, pamoja na nyaya za zamani na kipanya kibovu. Tuliitoa siku hedi ilipoenda kunyooshwa. Niliipika kwenye sufuria kwa udadisi tu, ikafunguka 77, ikafunga vizuri. Nzima kabisa. Shemeji hakuwahi kunigombeza, aliniuliza mara moja tu kwenye simu, "Shemeji, si ulisema itapoa?" Kama kuna msomaji anayetaka kuinunua, simuuzii.

Hifadhidata wiki ijayo, mkinibakishia nguvu.